Wimbo Upo Mtandaoni Lakini Haupatikani: Pa Kuanzia Kutafuta Kasoro ya Tagi

Kijana mmoja wa Tandale alikuja studio kwetu Mabibo uso umekunjamana. Wimbo wake wa singeli ulikuwa na wiki tatu mtandaoni. Kwenye vigodoro ulikuwa unapigwa na kurudiwa, watoto wa mtaani kwao walikuwa wanauimba wakienda shule, lakini kila alipoandika neno "singeli" kwenye simu walitokea wengine wote, yeye hayumo. Alishaanza kuamini kuna mtu anamfanyia fitina. Nikamwomba afungue ile fomu aliyoijaza siku anapakia wimbo. Pale penye aina ya muziki palikuwa na neno moja tu: Pop.

Kwa nini Pop? Akasema kwenye orodha singeli hakuiona, bando lilikuwa linakwisha, akagusa neno lililokuwa karibu na kidole.

Naandika haya kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake wa Manzese, Buguruni, Mbagala na Kigamboni wenye nyimbo nzuri ambazo mtandao haujui uziweke wapi. Tagi ya aina ya muziki, yaani lile neno linaloutambulisha wimbo kwa mtandao, inafanya kazi ya konda wa daladala. Msikilizaji yuko kituoni Kariakoo, anataka kwenda Mbagala Rangi Tatu. Asiposikia mtu anaita Mbagala, gari litampita na viti vitupu. Na gari likiandikwa Mbagala huku linakwenda Gongo la Mboto, atapanda, lakini likifika Buguruni atashuka kwa hasira na kesho hatalipanda tena. Karibu matatizo yote ninayoletewa yanaangukia kwenye moja ya hayo mawili: gari halikuitwa, au liliitwa kwa jina lisilo lake.

Kabla hujagusa chochote

Tagi inakaa sehemu tatu, na sehemu hizo hazijuani. Ya kwanza ni ndani ya faili lenyewe la MP3, lile unalomtumia dijei au rafiki. Ya pili ni fomu ya msambazaji, yule anayeupeleka wimbo Spotify, Apple Music, Boomplay na kwingineko. Ya tatu ni kurasa unazopakia kwa mkono wako mwenyewe, kama YouTube, SoundCloud, Audiomack au Bandcamp. Ukisafisha faili, fomu haipati habari. Ukibadilisha fomu, YouTube uliyoipandishia mwenyewe inabaki vilevile. Nimeona watu wakikesha wanarekebisha tagi za MP3 wakati msambazaji alitumiwa WAV, ambalo ni faili la aina nyingine, na anachokisoma yeye ni fomu, hafungui tumbo la faili kutafuta tagi.

Kwa hiyo anza na kipimo. Azima simu ya mtu ambaye hajawahi kukusikiliza. Simu yako usiiamini, imeshakuzoea na itakuonyesha wimbo wako hata usipoutafuta. Kwenye hiyo simu ya kuazima tafuta mara nne: jina lako la usanii, jina la wimbo, aina ya muziki peke yake, kisha aina ya muziki pamoja na neno ambalo mtu wa kawaida angeliongeza, mfano "singeli ya harusi" au "taarab ya rusha roho". Andika matokeo kwenye karatasi. Ukishaona ni utafutaji upi umekwama, soma sehemu inayofanana na hali yako hapa chini.

Kama hata jina lako halitokei, usihangaike na tagi za aina ya muziki. Aidha wimbo haujafika kule, au jina lako lina shida, na hilo nitalifikia.

"Kwa jina langu napatikana, kwa aina ya muziki sipatikani"

Hii ndiyo dalili ninayoletewa mara nyingi kuliko zote, na chanzo chake ni fomu. Msambazaji anakupa orodha iliyofungwa, na orodha nyingi za namna hiyo zimetungwa mbali sana na Kinondoni. Msanii anaipitia, haoni muziki wake, anachagua chochote ili aendelee.

Usichague kabla hujaisoma orodha yote, pamoja na vijitawi vyake. Mara nyingi ukibonyeza kundi la Afrika ndipo watoto wake wanapojitokeza. Kwenye mgawanyo wa Apple, kwa mfano, Bongo Fleva imo, ila imeandikwa Bongo-Flava, kwa herufi a na kistari katikati. Taarab nayo imo. Mtu anayetafuta "Fleva" kwa macho anaweza kulipita hilo neno na kuamini hatujawekwa.

Aina yako ikiwemo, ichague iwe ya kwanza, hata kama unahisi jina kubwa la kigeni litakuletea watu zaidi. Hapa sina msimamo wa katikati. Bongo Fleva ilizaliwa humu mjini, na jina lenyewe linatokana na Bongo, yaani mji wa kuishi kwa kutumia ubongo. Msanii wa Sinza akijiandika Pop anaingia kwenye foleni moja na dunia nzima. Akijiandika Bongo Fleva anaingia kwenye foleni ambayo anayeitafuta anakitafuta kitu chake hasa.

Aina yako isipokuwemo, jiulize swali moja: mtu atakayeupenda wimbo huu, leo anasikiliza nini kingine? Jibu ndilo linakupa jirani wa kweli. Msanii wa singeli hana ujirani wowote na Pop. Singeli imetoka kwenye mchiriku na mnanda, kwenye vinanda vidogo na vipande vya taarab vilivyoharakishwa, na mdundo wake huvuka mapigo 200 kwa dakika bila shida. Jirani yake ni muziki wa Afrika kwa jumla, au muziki wa kielektroniki wa kuchezeka. Mimi huweka Afrika kuwa ya kwanza na ule wa kielektroniki kuwa wa pili, kwa sababu wasikilizaji wa nje wanaoifuata singeli wengi walikutana nayo kupitia njia ya madijei. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za studio ya Sisso ya Mburahati, na tangu hapo wapo watu huko Ulaya wanaoliandika neno singeli kwenye kisanduku cha kutafutia wakijua wanachokitaka. Watu hao wapo tayari. Wanakosa tu mahali pa kukuona.

Halafu neno lenyewe, singeli, uliandike kila sehemu inayokubali maandishi huru: maelezo ya wimbo, wasifu wako wa msanii, mistari ya kwanza ya YouTube, tagi za SoundCloud. Orodha ikikunyima nafasi, maandishi huru ndiyo mlango wa nyuma.

Sasa mtego ambao umewanasa watu wazima wenye uzoefu. Bendi moja inayopiga muziki wa dansi, wa nasaba ileile ya Msondo Ngoma iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964 na Mlimani Park ya mwaka 1978, ilijaza fomu na kuchagua "Dance". Wameona neno, wakasema hili ndilo letu. Kwa wenye mitandao, neno hilo maana yake ni muziki wa klabu wa kompyuta. Magitaa matatu, tarumbeta na saksafoni vikatupwa katikati ya mashine. Msikilizaji wa klabu alikuwa anasikia sekunde kumi za gitaa la utangulizi anaondoka, na mzee wa Magomeni anayetamani dansi hakuupata wimbo kamwe. Dawa ilikuwa kuchagua kundi la Afrika, na kwenye aina ya pili kuchagua muziki wa rumba au soukous, dansi la Kongo, pale ulipokuwepo, kisha kuandika "muziki wa dansi" kwa Kiswahili kwenye maelezo. Kwaya nazo zina mtego wa kufanana na huo: kundi la muziki wa kwaya kwenye orodha nyingi ni la kwaya za kikale za Ulaya, wakati kwaya ya usharika wa Kijitonyama inatafutwa na watu walioandika gospel au injili.

"Kwenye simu za watu wimbo wangu unasomeka Blues"

Mara ya kwanza nilipoambiwa hivi sikuelewa. Taarab imegeukaje kuwa blues? Baadaye nilifahamu kwamba ni kosa la kihistoria, na linanivutia kwa jinsi lilivyo dogo.

Tagi za ndani ya MP3 zinaitwa ID3. Toleo la kwanza lilibuniwa na Eric Kemp mwaka 1996, nalo lilikuwa kipande cha baiti 128 tu kinachobandikwa mkiani mwa faili. Jina la wimbo lilipewa herufi 30, msanii 30, albamu 30. Aina ya muziki ilipewa baiti moja. Baiti moja haiwezi kubeba neno, inabeba namba. Kwa hiyo ikatungwa orodha ya aina 80, kuanzia namba 0 hadi 79, na programu ya Winamp baadaye ikairefusha. Namba 0 ni Blues. Programu ikiacha sehemu hiyo na sifuri kwa sababu hukuijaza, au kwa sababu uliandika "Bongo Fleva" na yenyewe haina namba ya neno hilo, simu inasoma sifuri na kutangaza Blues. Hakuna mtu aliyechagua hivyo.

Toleo la pili, lililoanza mwaka 1998, linakubali maneno unayotaka mwenyewe. Shida ni kwamba faili moja linaweza kubeba matoleo yote mawili, la kale mkiani na jipya kichwani, yakiwa yanapingana. Simu moja inasoma hili, laptopu ya dijei inasoma lile.

Kutibu si kazi. Kwenye kompyuta ya Windows tumia Mp3tag, au Kid3. Zote hazilipishwi. Fungua faili, futa kabisa ID3v1, yaani lile toleo la kwanza, kisha andika upya kwa ID3v2.3, tawi la toleo la pili, ambalo ndilo linalosomwa na vifaa vingi, hata vile vya zamani. Kwenye aina ya muziki andika neno lako kwa maandishi: Singeli, Taarab, Bongo Fleva. Ukimaliza lihamishie kwenye fleshi, lifungue kwenye simu mbili tofauti uone.

Ukiwa humo ndani, angalia mambo mengine mawili. La kwanza, faili likishashushwa kutoka tovuti za kugawa nyimbo za bure, mara nyingi utakuta anwani ya tovuti imepachikwa kwenye jina la wimbo, jina la albamu na hata aina ya muziki. Wimbo wako ukizunguka mtaani ukiwa hivyo, unaitangaza tovuti ya mtu. Njia pekee niliyoiona ikifanya kazi ni kuwahi: siku wimbo unatoka, sambaza wewe mwenyewe faili safi kwa madijei, kwa vijana wa vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye simu, na kwa magrupu. La pili, WhatsApp. Ukituma wimbo kama sauti, simu ya mpokeaji inaweza kuuhifadhi kwa jina linaloanza na AUD, ikifuatiwa na tarehe na namba. Tuma kama dokumenti na jina la faili linabaki lako.

Na kwa watu wa singeli kuna sehemu ya mapigo kwa dakika, ambayo ni tagi kama tagi nyingine. Programu za madijei hupenda kukisia zenyewe, na mdundo wa kasi huzichanganya: wimbo wa mapigo 220 unaandikwa 110. Matokeo yake dijei akipanga nyimbo kwa kasi, singeli yako inakaa pembeni ya amapiano, na yeye akifika kwenye 220 hakuoni. Andika namba sahihi kwa mkono.

"Watu wanakuja, wanasikiliza kidogo, wanaondoka"

Hapa gari limeitwa kwa jina la njia nyingine. Msanii amesikia amapiano inatamba, akaandika amapiano. Amesikia Wanaijeria wanajaza viwanja, akaandika Afrobeats. Wanaoletwa na neno hilo wamekuja na hamu ya kitu fulani, hawakikuti, wanaruka. Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30. Anayeruka kwenye sekunde ya 12 hakuongezei kitu, na mtambo unaopendekeza nyimbo unajifunza kwamba watu wa aina hiyo hawakupendi. Kadiri tagi ya uongo inavyokuletea wageni wengi, ndivyo unavyozidi kujichimbia shimo.

Najua kwa nini wasanii wanafanya hivi, na siwalaumu. Kila siku wanaambiwa muziki wa nyumbani hauvuki mpaka. Ila nataka upime wimbo wako kwa masikio, usiupime kwa ndoto. Je, ni amapiano? Amapiano ya Afrika Kusini hutembea taratibu, kama mapigo 110 hadi 115, ina nafasi pana kati ya milio, na lile besi zito la logi dramu ndilo linaloongoza. Kama prodyuza ameazima logi dramu tu, ameiweka chini ya kiitikio cha Kiswahili, na muundo mzima ni beti na kiitikio kama kawaida yetu, huo ni Bongo Fleva wenye viungo vya amapiano. Andika Bongo Fleva kwanza, amapiano iwe ya pili.

Kuna na herufi moja inayopoteza watu. Afrobeat bila s ni muziki wa Fela Kuti na mpiga ngoma Tony Allen, wa miaka ya 1970: nyimbo ndefu, bendi kubwa, tarumbeta. Afrobeats yenye s ni muziki wa sasa wa vijana wa Lagos na Accra. Wasanii wetu wengi huandika ya kwanza wakimaanisha ya pili. Mpenzi wa Fela akiletewa wimbo wa mapenzi wa dakika mbili na nusu wa Mwananyamala, ataruka, na ana haki.

Uthibitisho wa dalili hii utaupata kwenye takwimu za akaunti yako ya msanii. Tazama wasikilizaji wako wanasikiliza akina nani wengine, na wako miji gani. Kama unaimba taarab na wanaokusikiliza wote ni wapenzi wa rapu ya Marekani, tagi imekosea nyumba.

"YouTube nimejaza tagi mpaka nafasi imeisha, hakuna kitu"

YouTube wenyewe wanasema wazi kwamba kile kisanduku cha tagi kina mchango mdogo katika watu kukupata, na kwamba kinasaidia zaidi pale ambapo jina lako huandikwa kwa makosa. Una herufi 500 humo. Zitumie kwa tahajia tofauti: bongo fleva, bongo flava, bongofleva, taarab na taarabu, jina lako kama watu wanavyolikosea. Kisha kisanduku hicho kiache.

Kinachobeba mzigo ni kichwa cha video na mistari miwili ya kwanza ya maelezo. Kichwa kikiwa na jina la msanii, jina la wimbo na neno "Singeli", tayari umeita kituo. Maelezo yaanze na sentensi ya kawaida ya Kiswahili inayosema huu ni wimbo gani, wa nani, umetengenezwa wapi. Viungo vya mitandao yako vije baadaye.

Alama za reli, zile hashtag zinazoanza na #, ziwe chache. Ukiweka zaidi ya 60 kwenye video moja, YouTube inazipuuza zote. Mimi naweka tatu. Na ziandikwe bila nafasi katikati: #BongoFleva inafanya kazi, ila # Bongo Fleva inavunjika. Kuvunjika huku kuna madhara yake. Neno "bongo" likibaki peke yake, kwa dunia linamaanisha zile ngoma pacha ndogo za Cuba. Nimewahi kumtafuta dada mmoja wa Temeke nikamkuta amezungukwa na masomo ya kupiga ngoma za Kikuba, kwa sababu kwenye tovuti mojawapo tagi yake iligawanyika mara mbili. Kila unapopakia, rudi uangalie tagi ya maneno mawili imebaki kipande kimoja.

Usiweke majina ya wasanii wakubwa ambao hawamo kwenye wimbo. Sera za YouTube zinakataza maelezo ya kupotosha, na video inaweza kuondolewa. Tena ni kumkosea mwenzako.

Kwenye Bandcamp, jaza mji wako kwenye wasifu. Mji unageuka kuwa tagi, na kuna wasikilizaji huko wanaotembea mji kwa mji. Dar es Salaam ni neno linalotafutwa. Ukiacha wazi, unawanyima.

"Wimbo wangu umekaa kwenye ukurasa wa mtu mwingine"

Umejiita jina ambalo wengine wanalo. Mtambo umeunganisha, na sasa singeli yako iko chini ya mwimba country wa Texas. Hili linaharibu tagi pia, kwa sababu kule aina ya muziki haihesabiwi kwa wimbo mmoja tu, inafuata na msanii na wasikilizaji wake. Mwandikie msambazaji mara moja, mpe kiungo cha ukurasa wako halisi, omba wimbo uhamishwe. Kwa nyimbo zijazo, kwenye fomu chagua ukurasa wako kwa kiungo, usichape jina tu.

Ndugu yake tatizo hili ni "ft". Ukiandika majina mawili na "ft" katikati kwenye sehemu ya msanii mkuu, mtambo unaweza kumzaa msanii wa tatu asiyekuwepo, mwenye jina refu, asiye na mfuasi hata mmoja. Mshiriki ana sehemu yake kwenye fomu. Mweke huko.

"Kwenye orodha ya lugha sikugusa kitu"

Basi pengine wimbo wako umeandikwa wa Kiingereza, maana fomu nyingi huanza na hiyo. Badilisha iwe Kiswahili. Msimbo wake ni sw. Lugha isiyo sahihi inaweza kuchanganya utafutaji na mashairi, na inamnyima msikilizaji wa Mombasa au Bujumbura njia nyingine ya kukufikia.

"Nimerekebisha kila kitu, mbona hakijabadilika?"

Swali la kwanza: umerekebisha lini? Msambazaji akipokea mabadiliko anayapeleka kwa kila mtandao, na kila mtandao una foleni yake. Siku kadhaa ni kawaida, wiki mbili si ajabu. Kupima kila baada ya saa moja kutakutesa bure.

La pili, na hapa ndipo watu wanapoharibu kabisa: usiufute wimbo na kuupakia upya kwa papara. Kila rekodi ina namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Ukipakia upya na kupewa namba mpya, mitandao inauona kama wimbo mwingine, na hesabu ya waliousikiliza inaanza sifuri. Kwanza omba fomu irekebishwe pasipo kufuta. Ikishindikana kabisa, nakili ISRC ya zamani kabla hujafuta, kisha iandike kwenye fomu mpya, na faili la sauti liwe lilelile.

La tatu, baadhi ya mitandao haikuamini wewe peke yako. Spotify huangalia pia nani anakusikiliza na nyimbo zako zinakaa kwenye pleilisti zipi. Wasikilizaji wako wa mwanzo ndio wanaoufundisha mtambo wewe ni wa aina gani. Wakiwa ni shangazi, mjomba na wanafunzi wenzako wanaosikiliza kila kitu, mtambo unabaki gizani. Ndiyo maana ni bora siku za kwanza wimbo uwafikie watu hamsini wanaokesha na singeli kuliko watu mia tano wa kuokoteza. Tengeneza na pleilisti yako, weka wimbo wako kati ya nyimbo za wenzako wa aina hiyohiyo.

Na wimbo unaofuata uupeleke mapema. Kwenye akaunti ya Spotify ya wasanii unaweza kuutambulisha wimbo ambao haujatoka kwa wahariri wao, ukataja aina ya muziki, hali ya wimbo, vyombo vilivyopigwa na utamaduni unakotoka. Ukifanya hivyo angalau siku 7 kabla ya kutoka, wimbo huo pia unaingia kwenye orodha ya nyimbo mpya ya wanaokufuata. Wengi wa hapa wanapakia Alhamisi usiku ili utoke Ijumaa asubuhi, na nafasi hiyo inawapita kila mara.

Yule kijana wa Tandale hatukuufuta wimbo wake. Tulibadilisha Pop kuwa Afrika, lugha tukaweka Kiswahili, tukaliandika neno singeli kwenye wasifu na kwenye kichwa cha video, tukasahihisha mapigo kutoka 108 hadi 216 kwenye faili alilokuwa anawatumia madijei. Msambazaji alikaa kimya. Siku ya kumi tukamwandikia tena, tukaambatanisha picha ya fomu. Siku ya kumi na sita yule kijana aliniletea simu ya dada yake, ambaye husikiliza kaswida tu na hajawahi kumtafuta mdogo wake mtandaoni. Aliandika "singeli tandale" mbele yangu. Wimbo ulikuwa wa nne kutoka juu. Akaniuliza tufanye nini uwe wa kwanza, nikamwambia aende akamalizie ule wa pili, na safari hii aniletee fomu kabla hajaituma.